Shetani wa Hollywood alitumwa Turkana, lakini hakuwahi kukanyaga Kenya

Kama ulilelewa Ruiru au Thika kabla simu za intaneti zijae kila mfuko, unavijua vile vibanda vya mabati vya kuonyeshea filamu. Benchi za mbao zisizo na mgongo, gunia jeusi mlangoni kuzuia mwanga, televisheni moja yenye kisogo kikubwa, na spika mbili zinazokoroma. Kiingilio kilikuwa shilingi kumi. Filamu ilikuja ikiwa imetafsiriwa na DJ anayepiga kelele kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji, akijitaja jina kila baada ya dakika mbili ili usisahau nani anakuburudisha.

Nilikuwa darasa la sita siku ambayo mwenye kibanda kule Kihunguro aliweka Exorcist: The Beginning. Kasisi mzungu yuko jangwani, kuna kanisa limefukiwa mchangani, na DJ anatangaza kwamba hapo ni Turkana, Kenya. Kibanda kizima kililipuka. "Ni kwetu! Ni kwetu!" Hatukuwa tumezoea kusikia nchi yetu ikitajwa kwa filamu ya Hollywood isipokuwa kuna simba.

Kisha wakaja fisi. Wakamrarua mtoto mmoja mbele ya macho ya watu, na badala ya kuogopa, tulicheka. Walikuwa fisi wa kompyuta, wanatembea kama wamevaa viatu visivyowatosha.

Lakini usiku hakuna aliyecheka. Na kesho yake mbogi yetu ilifanya kitu ambacho nitakueleza huko chini, kwa sababu ndicho kilichonifanya niandike haya. Kwanza tupitie hadithi ya filamu yenyewe, maana jinsi ilivyotengenezwa ni sinema nyingine kabisa.

Kuzima na kuwasha upya

Simu ikikwama unafanyaje? Unaizima, unaiwasha tena, unatumaini. Studio za Hollywood hufanya vivyo hivyo. Jina la filamu likiwa kubwa lakini hadithi imechoka, wanarudi mwanzo: waigizaji wapya, mwongozaji mpya, jina lilelile. Wakati mwingine wanasimulia yaliyotokea kabla ya filamu ya kwanza. Jina ndilo mtaji, kwa sababu watu tayari wanalijua na huhitaji kulitangaza kutoka sufuri.

Na hakuna jina zito katika filamu za mapepo kama The Exorcist. Ilitoka Desemba 1973, ikiongozwa na William Friedkin, kutokana na riwaya ya William Peter Blatty. Msichana mdogo wa Washington anaingiwa na pepo, mama yake anazunguka kwa madaktari hadi wanaishiwa na majibu, mwishowe anaitisha makasisi. Ilipendekezwa kwa tuzo 10 za Oscar ikashinda 2, na ndiyo filamu ya kwanza ya kutisha kuwahi kupendekezwa kuwa Filamu Bora ya mwaka.

Watu hukumbuka shingo inayozunguka. Lakini ukiitazama leo, utaona kwamba nusu nzima ya mwanzo ni mama na mwanawe, hospitali, vipimo, na daktari anayesema hajui. Chumba cha yule msichana Friedkin alikifunga mashine za baridi hadi pumzi za waigizaji zikaonekana kama moshi. Pumzi hiyo ilikuwa ya kweli, na walitetemeka kweli. Hofu yote imefungiwa ndani ya chumba kimoja cha kulala, ndani ya nyumba ambayo tumeshaizoea.

Shika hilo la chumba, tutalirudia.

Maneno machache, filamu mbili

Ndani ya filamu hiyo ya 1973 kuna mazungumzo mafupi sana. Wakubwa wa kanisa wanatafuta kasisi mwenye uzoefu wa kutoa pepo. Mmoja anamtaja Padri Merrin, kwamba aliwahi kufanya kazi hiyo Afrika miaka 10 au 12 nyuma, ikachukua miezi, ikakaribia kumuua. Basi. Hawasemi ni nchi gani wala mgonjwa alikuwa nani.

Mwaka 1977 filamu ya pili, Exorcist II: The Heretic, ilijaribu kuonyesha Afrika hiyo, na watazamaji wengi waliidhihaki. Kisha mwanzoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Morgan Creek ikaamua kuyafanya maneno hayo machache kuwa filamu nzima. Wakamchagulia Padri Merrin mahali: Turkana, Kenya ya mkoloni, muda mfupi baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Piga hesabu kidogo hapo. Kutoka 1973, rudi nyuma miaka 12: unafika 1961. Hiyo ni Kenya ya kuelekea Uhuru, Jomo Kenyatta anaachiliwa mwaka huohuo. Hebu fikiria filamu ya pepo katikati ya nchi inayobadilisha mwenyewe! Lakini waandishi waliirudisha hadithi hadi 1947, na toleo lililofuata likasema 1949. Walitaka Afrika iliyo kimya, yenye gavana, askari wa Kiingereza na wanakijiji wanaokimbia huku na kule.

Kazi yenyewe ilikuwa na nuksi tangu mwanzo. Mwongozaji wa kwanza, John Frankenheimer, alijiondoa kwa sababu ya afya, akafariki Julai 2002. Liam Neeson, aliyekuwa acheze Merrin, naye akaondoka. Akaletwa Paul Schrader, yule aliyeandika Taxi Driver, na nafasi ya Merrin ikaenda kwa Stellan Skarsgård kutoka Sweden.

Schrader alirekodi filamu nzima akaimaliza, kwa bajeti ya takriban dola milioni 30. Ilikuwa filamu ya polepole, inayouliza maswali kuhusu dhambi na woga. Merrin amepoteza imani kwa sababu wakati wa vita afisa wa Kinazi alimlazimisha kuchagua watu wa kuuawa. Shetani wa Schrader haji akipiga kelele. Anaingia kwa kijana mlemavu aliyetengwa na kijiji, na badala ya kumharibu, anampendezesha. Kijana anapona kila siku huku kijiji kikizidi kuoza.

Wenye pesa walitazama, wakauliza: damu iko wapi?

Sasa sikia walichofanya. Hawakukata vipande viwili vitatu kisha waongeze mayowe. Walimfuta Schrader, wakaleta Renny Harlin, mtu wa filamu za mlipuko kama Die Hard 2, wakaandikisha hadithi upya, wakabadilisha karibu waigizaji wote isipokuwa Skarsgård na wengine wachache, na wakarekodi karibu filamu nzima tena. Jina moja, nchi moja, mhusika mmoja, filamu mbili. Ya Harlin ndiyo ile yenye fisi wetu.

Ilitoka Agosti 2004 na kukusanya takriban dola milioni 78 duniani kote. Usidanganyike, kumbi za sinema huchukua sehemu kubwa ya hizo, na hapo tayari walikuwa wamelipia filamu mbili. Waliopewa kazi ya kuikosoa waliipasua. Mwaka uliofuata, labda kwa kuona hawana la kupoteza, kampuni ikaitoa ile ya Schrader kwa jina Dominion: Prequel to the Exorcist. Ilionyeshwa kumbi chache, ikapata kama dola 250,000. Roger Ebert, mkosoaji maarufu kabisa wa Marekani wakati huo, aliipa nyota tatu kati ya nne. Ile iliyotupwa jaani ikaonekana bora kuliko iliyochukua nafasi yake.

Mtu akitengeneza filamu hiyohiyo mara mbili na bado haitishi, huwezi kulaumu bahati.

Turkana gani hiyo?

Hapa ndipo mimi kama mtu wa Kiambu nakaa chini na kuuliza. Ile Turkana tuliyoipigia makofi kibandani ilikuwa wapi?

Ilikuwa Moroko. Na ndani ya studio za Cinecittà, Roma. Kijiji kinachoitwa Derati ni cha kubuni. Shetani anayetajwa kwenye mfululizo huu, Pazuzu, ni wa Mesopotamia ya kale, Iraki ya leo, na filamu ya kwanza kabisa inaanzia hukohuko Iraki. Yaani ni shetani wa Iraki, katika Kenya ya Moroko, anafukuzwa na kasisi anayechezwa na Mswidi, jengo limejengwa Italia. Mkenya pekee katika hesabu hiyo ni ramani.

Usiniambie haikuwezekana kuja. Mwaka huohuo wa 2004, Fernando Meirelles, Mbrazili, alikuwa Kenya akirekodi The Constant Gardener. Aliingia Kibera, kisha akapanda hadi Loiyangalani, ukingoni mwa Ziwa Turkana. Filamu ilitoka 2005 na Rachel Weisz akabeba Oscar. Watengenezaji wakaacha mfuko wa kusaidia jamii zilizowapokea. Ukiitazama, upepo wa ziwa unauona kwa nguo za watu. Hakuna mtu wa kompyuta anayeweza kukutengenezea upepo huo.

Tatizo si Moroko yenyewe. Filamu hurekodiwa palipo na bei nafuu na vifaa, na hilo ni biashara. The Ghost and the Darkness ya 1996, kuhusu simba wa Tsavo, ilirekodiwa Afrika Kusini. Tatizo ni kwamba waandishi hawakuhitaji kujua chochote kuhusu Turkana ili waandike Turkana. Ungebadilisha jina ukaweka Sudan au Mali, hakuna ukurasa mmoja ambao ungelazimika kurekebishwa sana.

Na Turkana halisi ya miaka hiyo inatisha kuliko shetani wao. Serikali ya mkoloni iliifunga, huingii bila kibali. Misheni ya Kikatoliki ilifika huko 1961, wakati wa njaa kali, kwa hivyo kasisi wa filamu aliwatangulia wenzake kwa zaidi ya miaka kumi. Ndiko mkoloni alikowatupa kina Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria, kule Lokitaung, kwa sababu aliamini ukimweka mtu huko atasahaulika. Waturkana wenyewe wana Akuj, Mungu wa juu aletaye mvua, na wana emuron, mtu anayeota ndoto na kuzisoma kwa ajili ya jamii. Mvua ikikosa, swali la nani amemkasirisha Akuj si la mchezo. Chini ya ardhi yao pia hakukuwa na haja ya kubuni kanisa: mwaka 1984, kule Nariokotome, timu ambayo macho yake yalikuwa Mkenya Kamoya Kimeu ilipata mifupa ya kijana aliyekufa miaka milioni moja na nusu iliyopita.

Una kijana wa miaka milioni na nusu chini ya mchanga, una nchi iliyofungwa, una mvua iliyokataa. Wewe unaleta fisi wa kompyuta?

Hofu haihami nyumba bila mizigo

Maoni yangu ni haya. Filamu ya 1973 ilitisha kwa sababu ilijua nyumba yake. Friedkin alijua ngazi ile ya nje ina vipandio vingapi, mama yule analala wapi, na mlango wa mtoto unafunguka upande gani. Pepo alipoingia, aliingia mahali tunapojua pa kawaida pakoje, ndiyo maana tuliona kilichoharibika.

Walioiwasha upya walibeba pepo wakaiacha nyumba. Walidhani kinachotisha ni sura ya shetani, kwa hivyo kama shetani hatoshi, ongeza shetani, ongeza damu, ongeza Afrika. Afrika kwao ilikuwa kama chumvi, unaongeza chakula kikikosa ladha. Lakini kama hujui kijiji cha Derati huishi vipi siku ya kawaida, watu wanapika nini, nani amekosana na nani, basi shetani akikivamia huoni tofauti. Kiliwekwa pale kuharibiwa tu.

Ukidhani walijifunza, tazama 2023. Kampuni ya Universal ilikuwa imekubali kulipa takriban dola milioni 400 kwa haki za kutengeneza filamu tatu mpya. Ya kwanza, The Exorcist: Believer ya David Gordon Green, inaanzia wapi? Haiti, wakati wa tetemeko la 2010. Dakika chache za watu weusi na dua zao, kisha tunarudi Marekani na hofu inaanza rasmi. Filamu ilipata fedha, kama dola milioni 137, lakini waliotoka ukumbini walinung'unika. Ya pili iliyokuwa imepangwa 2025 ikaondolewa kwenye ratiba, Green akaondoka, na 2024 kazi ikapewa Mike Flanagan, aanze upya kabisa. Simu imezimwa na kuwashwa tena. Flanagan ana sifa ya kuandika familia kwanza na mzimu baadaye, kwa hivyo mimi nina matumaini kidogo. Kidogo tu.

Na sisi?

Sasa ni rahisi niishie hapo, niwacheke wazungu, tupigiane makofi. Lakini mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipogoma na mimi nikagoma, na tangu hapo nimekuwa nikibeba kamera za watu kwa harusi na ruracio kati ya Juja na Thika. Jamaa zangu wawili wa Makongeni wamekuwa wakitaka tutengeneze filamu fupi ya kutisha. Tuna simu moja nzuri, taa mbili za kukodi, na kijana mmoja anayejua kuhariri. Kwa hivyo swali la nani anajua kutisha linanihusu mfukoni.

Na hatukosi hadithi. Pale Thika mjini kuna bustani ya Mugumo. Wazee husimulia kwamba Mugo wa Kibiru, mtabiri wa Wakikuyu, alisema mti ule ukianguka, utawala wa wageni umekwisha. Inasemwa wakoloni waliufunga kwa chuma ili usimame. Radi ikaupiga, na 1963 ukaanguka. Fikiria hiyo kama filamu, lakini isimuliwe na karani wa Kikuyu aliyeajiriwa kuulinda mti, analipwa kila mwezi kuzuia uhuru wake mwenyewe, kila asubuhi anapima ufa kwa futi. Huhitaji hata fisi mmoja.

Wenzetu wameshaonyesha inawezekana. Kule Tanzania Mussa Banzi alitengeneza Nsyuka na Shumileta, kwa vifaa vya bei ya chini, na kanda zikatembea hadi huku. Hapa Kenya, Mbithi Masya alitoa Kati Kati mwaka 2016. Mwanamke anaamka nyikani hakumbuki lolote, anafika kwenye loji, anaambiwa amekufa, na wote walio pale wamekufa. Haina pembe wala mkia wa shetani. Kuna watu tu ambao hawajakiri walichofanya. Ilishinda tuzo ya wakosoaji wa kimataifa huko Toronto mwaka huohuo. Kilichonitisha mimi ni kwamba loji yenyewe naijua. Ni kama zile tunazoenda kupiga picha za harusi.

Basi tukakaa chini, sisi watatu, kwenye kibanda cha chipsi nyuma ya stendi ya Thika, tuandike. Na unajua jamaa yangu alianza na nini? "Kuna shosh mmoja anaishi peke yake, watoto wa ploti wanaanza kupotea."

Nilinyamaza kabisa. Hapo ndipo nilipokumbuka tulichofanya.

Ile kesho yake

Kwenye ploti yetu ya Kihunguro kulikuwa na shosh aliyekodi chumba cha mwisho, karibu na choo. Aliishi peke yake. Alikuwa na jicho moja lenye ukungu, na alikuwa akizungumza peke yake akifua. Ni hayo tu, sikumbuki kosa jingine lolote alilokuwa nalo. Kesho yake baada ya ile filamu, mmoja wetu alisema jicho lile ni la yule mwanamke wa filamu mwenye pepo. Tukaanza kukimbia akipita. Kisha tukaanza kurusha mawe kwenye mlango wake jioni. Kisha mtoto wa jirani akapata homa, na siku hiyo nikasikia watu wazima, watu wazima kabisa, wakinong'ona kwenye kamba ya nguo wakimtaja yeye.

Haikufika mbali. Mtoto alipona, ilikuwa malaria. Lakini mwisho wa mwezi shosh alihama, mkokoteni mmoja ukabeba vitu vyake vyote. Alipita karibu yangu, hakuniangalia. Mimi ndiye niliyekuwa na shabaha nzuri ya mawe.

Huo ndio mzigo ambao Hollywood haiubebi. Kwao pepo ni burudani ya Oktoba. Kwetu, Rais Moi aliunda tume mwaka 1994, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima, kuchunguza ibada ya shetani, na ripoti yake ikatolewa hadharani 1999. Hiyo ilikuwa kazi ya serikali, na iliacha wanafunzi wa shule za bweni wakishukiana kwa miaka. Oktoba 2021, kule Marani, Kisii, kina mama wanne wazee waliuawa na kuchomwa kwa kushukiwa uchawi. Hakuna aliyethibitisha chochote. Na 2023, msitu wa Shakahola, Kilifi, ulitoa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mahubiri ya kufunga hadi kufa. Hakuna mwandishi wa Morgan Creek aliyewahi kuota kitu kama hicho, na hakikuhitaji shetani wa Iraki. Kilihitaji mtu mwenye maikrofoni na watu waliochoka kusubiri msaada kutoka kwingine.

Kwa hivyo siku hizi nikisikia mtu wa rika langu akisema Kenya tunahitaji filamu zetu za kutisha, nakubali, mikono miwili juu. Lakini tukichukua filamu zao na kubadilisha sura tu, shosh badala ya Pazuzu, ploti badala ya Derati, tutakuwa tumefanya kosa lilelile walilofanya, na letu litakuwa na majirani. Harlin alipokosea, aliyeumia ni mwenye pesa. Tukikosea sisi, kuna bibi ambaye mlango wake utapigwa mawe.

Jamaa alibisha, na ana hoja. Alisema watu wanataka kuogopa, si kufundishwa. Kwamba nikileta mahubiri hakuna atakayetazama hata dakika tatu kwenye simu. Ni kweli. Tulibishana hadi mwenye chipsi akazima taa. Lakini kuogopa nani? Hilo ndilo swali analojibu mtu anayeshika kamera, hata kama hajui analijibu. Friedkin alituogopesha na ugonjwa usio na jina. Masya alituogopesha na tulichokificha. Harlin alituogopesha na watu wasiojulikana wa mahali pasipojulikana, na tukacheka, halafu tukatoka nje tukamtafuta wa karibu wa kufanana nao.

Tumekubaliana kitu kimoja mpaka sasa. Shosh bado yuko kwenye filamu, na bado anaishi peke yake chumba cha mwisho. Ila kamera itakuwa ndani ya chumba chake. Jioni inaingia, anakaa kitandani, amezima taa ili waone hayupo. Nje kuna watoto wanacheka, na jiwe la kwanza linagonga bati.

Tunarekodi mwezi ujao, Ruiru, kama mwenye ploti atakubali. Tunatafuta shosh wa kuigiza. Nauli na chai tutalipa.